Siku Kodi ya Shule Iliposhuka Halbrook

Karatasi ya thamani mpya ya nyumba ilimfikia Verna Pelkey mwezi wa kumi na moja. Aliisoma amesimama kando ya sanduku la barua, buti zimezama kwenye theluji, kisha akairudisha sandukuni na kukifunga kifuniko, labda ikilala na baridi usiku mmoja itapata adabu. Kesho yake akaitoa tena. Tarakimu zilikuwa zile zile, na hazikuwa na haya hata kidogo.

Nyumba yenyewe haikuwa imefanya kosa lolote. Paa lile lile, ngazi ya mbele ile ile inayolia ukiikanyaga, bomba la bafuni lile lile ambalo halifunguki bila kubembelezwa na koleo. Aliyebadilika ni jirani. Mwaka uliotangulia, bwana mmoja wa Connecticut aitwaye Lathrop alinunua nyumba ya chini ya kilima kwa bei ambayo watu wa Halbrook waliposikia walidhani wanatajiwa namba ya simu. Bwana Lathrop huja wikiendi tisa au kumi kwa mwaka, kutazama majani yakigeuka rangi. Wapimaji wakaitazama bei yake, wakakitazama kilima kizima, wakasema: kumbe ninyi wote huko juu ni matajiri, mbona mlikuwa mmenyamaza?

Na Halbrook, kama vijiji vingine vya kaskazini mwa New Hampshire, shule hula nyumba: kodi yake hutozwa kwa thamani ya nyumba yako. Nyumba yako ikinenepa kwenye karatasi, shule inakuja na sahani kubwa zaidi. Verna hakuwa amenenepa popote. Alikuwa anafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee kule bondeni, tangu saa kumi na moja alfajiri, kazi ambayo mikono yake iliitangaza kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mumewe, Rusty, alikwenda Florida kwa kibarua cha wiki sita. Huu ni mwaka wa saba, kwa hiyo bila shaka kibarua kinaendelea vizuri.

Kilichomweka Halbrook ni miti. Nyuma ya nyumba, kuanzia uani hadi barabarani, ulisimama msitu wa chini: miti mia tatu ya sukari, ambayo baba yake, Hector, aliitoboa kila mwezi wa tatu kwa miaka hamsini, akakinga maji yake na kuyachemsha mpaka yakawa asali ya miti, nzito na tamu, isiyojua nyuki. Hector alipofariki, kaka yake Verna, Armand, alipata msitu wa juu pamoja na banda la kuchemshia. Verna akapata nyumba na msitu wa chini. Asali ya miti hiyo ndiyo iliyonunua kuni za kipupwe, viatu vya binti yake June, na ndiyo iliyolipa kodi. Sasa Bwana Lathrop alikuwa ameandika barua mbili, zenye adabu nyingi, akiomba kuununua msitu huo. Mirija ya plastiki iliyopita mti hadi mti ikikusanya maji ilikuwa inamharibia mandhari.

"Anataka miti isiyofanya kazi," Verna alimwambia Armand. "Inayofanana naye."

Mwezi wa kwanza bodi ya shule ikatoa bajeti yake. Ongezeko la asilimia kumi na nne. Verna aliketi mezani Jumapili na penseli, na hesabu ikatoka fupi: ongezeko likipita, msitu wa chini unauzwa. Likikatwa, msitu unabaki. Aliigeuza karatasi upande wa nyuma kutafuta jibu la tatu. Upande wa nyuma ulikuwa tangazo la matairi.

Sasa, kuna watu ambao wakisikia neno shule hushika pochi kana kwamba wameona kibaka. Verna hakuwa wa kundi hilo, na aliyemweka humo alijuta. June alifika miaka saba hajui kusoma. Mwalimu Corinne Aube alimchukua mara tatu kwa wiki, akakaa naye katika stoo iliyokuwa na madekio na ndoo, kwa sababu chumba kingine hakikuwepo, na baada ya mwaka mmoja na nusu June alisimama jikoni akasoma kwa sauti maandishi yote ya kopo la sumu ya panya, pamoja na onyo la kwenda hospitali. Verna akalia mpaka chakula kikaungua. Kwa Corinne Aube angelipa kodi huku anaimba.

Kilichomtia wazimu kilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Humo, kwa maandishi madogo kama chawa, kulikuwa na naibu wa msimamizi wa shule za wilaya, na msaidizi wa naibu, na ukarabati wa ofisi ya naibu, katika mji ulio mwendo wa dakika arobaini. Msimamizi mwenyewe hajawahi kuonekana Halbrook isipokuwa siku alipopotea njia.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Priscilla Thorndike, mwalimu mstaafu wa uraia, mwanamke wa skafu na mgongo ulionyooka, aliyewafundisha nusu ya watu wa mji ule, Verna akiwemo. Walikutana dukani mwezi wa pili, mbele ya mayai.

"Verna, mpenzi," alisema Priscilla, "nasikia unazunguka vilimani na ukurasa mmoja mkononi. Kitabu kizima umekisoma?"

"Nimekisoma chote, Mwalimu. Huo mmoja ndio ulionisoma mimi."

"Shule haiendi bila uongozi."

"Inakwenda bila paa, itashindwaje bila naibu? Darasa la nne lina ndoo tatu sakafuni. June kazipa majina."

"Paa limo kwenye bajeti."

"Limo, ndiyo. Limekaa mlangoni, likiwakaribisha wageni wa ndani."

Priscilla alichagua mayai yake taratibu, akiyafungua na kuyakagua moja moja. "Ulikuwa mwanafunzi mwenye akili sana," alisema. "Tatizo lako ulikuwa unapenda kuwachekesha wenzako kuliko kusikiliza."

Verna alilibeba neno hilo mpaka nyumbani, na njiani akalijibu mara kumi na moja, kila jibu bora kuliko lililotangulia, kwa faida ya usukani peke yake.

Basi kila akitoka kazini alipanda vilimani. Aliwafuata watu wa miti: wakata magogo, wachemsha asali, wajane wenye nyumba kubwa na jiko moja. Wote walikuwa wamepata karatasi kama yake. Wote walikuwa wakiapa kuikata bajeti. Kuapa ni kazi rahisi, unaifanya umekaa. Kazi ilikuwa kuwafikisha watu hao kwenye mkutano wa shule, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, ambapo kila mkazi anayepiga kura hupewa kadi ya rangi ya machungwa, na bajeti hukatwa au kuongezwa palepale ukumbini.

"Unajua mwezi wa tatu ni mwezi gani," alisema Armand. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayezungumza kana kwamba maneno yanauzwa. "Usiku ukiganda na mchana ukiwaka jua, maji ya miti hayana mkutano."

"Watakuja."

"Yakitiririka?"

"Watakuja, Armand, hata nikiwabeba kwenye gari la mashuka."

Wiki nzima kabla ya mkutano baridi ilikaza, miti ikawa kama chuma. Ijumaa usiku kuliganda vibaya sana. Jumamosi saa tatu asubuhi, watu wakiingia ukumbi wa michezo wa shule, jua lilitoka safi, na kwenye madirisha ya juu barafu ikaanza kudondoka: to, to, to. Wanaume wenye kofia za kuwindia waliketi safu za nyuma, mikono kifuani, macho darini. Kila tone waliliona kama sarafu inayoangukia mfuko wa mtu mwingine. Lakini walikuja. Verna aliwahesabu kwa kidole chini ya meza, kisha akawahesabu tena kwa raha.

Aliyeendesha mkutano alikuwa Everett Stickney, muuza majiko ya kuni, ambaye ameshika nyundo ya mbao kwa miaka ishirini na miwili. Kanuni ya Halbrook ni kwamba unaongea na mwenye nyundo tu. Hata ukitaka kumtukana mtu aliyekaa pembeni yako, tusi linapitia kwa Everett kwanza, na mara nyingi likifika limepoa.

"Bwana Mwenyekiti," alisema Verna, "nina swali kwa bibi wa skafu ya zambarau."

"Niulize mimi, Verna."

"Basi nakuuliza wewe. Huyo naibu atafundisha somo gani?"

Safu za nyuma zikacheka. Priscilla alisimama. "Bwana Mwenyekiti, tafadhali mweleze msemaji kwamba naibu hafundishi. Anaratibu."

"Bwana Mwenyekiti, mweleze bibi kwamba June wangu naye anaratibu. Mvua ikinyesha anaratibu ndoo, na hajaomba ofisi."

Waliendelea hivyo kwa muda wa karibu saa tatu. Alisimama baba mmoja wa bondeni akasema wanaopinga wanawachukia watoto. Verna akamwuliza, kupitia kwa Everett, kama anamchukia mke wake kila anapokataa kumnunulia gari la pili. Alisimama mjane akasema anapasha joto chumba kimoja na analala na kofia. Mwishowe Verna akatoa hoja yake: fedha zirudi kiasi cha mwaka jana, liongezwe paa, basi. Armand akaiunga mkono kwa neno moja. Kadi zikaombwa.

Safu za nyuma ziliwaka machungwa kama shamba la maboga. Everett na wahesabuji wake wawili walipita katikati ya viti wakinyoosha vidole. Na hapo Verna, shingo imegeuka, aliona jambo: Priscilla Thorndike akaangaza ukumbi kushoto, akaangaza kulia, akavuta pumzi, kisha akainua kadi yake. Pamoja nao.

Mia moja ishirini na moja kwa tisini na nane. Kodi ya shule ikashuka. Saa sita kasoro dakika chache.

"Umeona?" Verna alimshika Armand shati. "Umemwona Mwalimu? Hata yeye kashika adabu."

Armand hakuwa anacheka. "Funga, dada."

Kufunga ni hivi. Jambo lililoamuliwa mkutanoni linaweza kufunguliwa tena siku hiyo hiyo, mpaka nyundo ya mwisho ilie, ili mradi anayeomba lifunguliwe awe alipiga kura na walioshinda. Ukitaka lisifunguliwe, unasimama palepale ukingali mshindi, unaomba lifungwe, watu wananyanyua kadi, limekwisha. Hector Pelkey alifunga kila kitu alichoshinda maishani mwake, hata mwaka waliobishania ununuzi wa mifagio.

"Nani atafungua?" alisema Verna. "Mwalimu mwenyewe kakubali. Usiniletee mikosi yako ya kilimani siku ya furaha."

"Dakika moja tu."

"Armand, wewe umekuwa ukitazama dirisha tangu asubuhi. Ndoo zako zinafurika sasa hivi. Nenda."

Akawageukia na wengine. Alisimama mlangoni akiwapa mikono, akiwasukuma mgongoni, akiwatoa nje kama kuku. Nendeni, maji hayangoji. Nendeni, tumeshinda. Magari yao yakapanda vilimani yakirusha matope. Zilibaki hoja ndogo ndogo, mashine ya kukata nyasi, shukrani kwa mfagizi anayestaafu. Verna alibaki kwa sababu mshindi hubaki. Akala maharage na nyama ya nguruwe yaliyopikwa na wazazi wa darasa la nane, akala kipande cha pai, akala cha pili, akawaambia watu waliomkwepa asubuhi kwamba hana kinyongo.

Saa nane alirudi ukumbini na kahawa mkononi. Alikuwa bado hajakaa alipoona safu za nyuma. Viti vitupu, mstari baada ya mstari, na juu ya kimoja kofia ambayo mtu aliisahau. Mbele walikuwa wamekaa walimu wote, wake na waume zao, na wazazi wa bondeni ambao hawana mti hata wa kufungia kamba ya nguo. Wa upande wake walibaki wajane na wazee tu, pembeni.

Priscilla alisimama. "Bwana Mwenyekiti, nilipiga kura na upande ulioshinda kwenye hoja ya bajeti. Naomba ifunguliwe."

Kahawa ilimwagikia Verna kifundoni, hakuihisi. Ghafla alikuwa tena darasa la saba, safu ya mwisho, na ubaoni mwanamke mwenye mgongo ulionyooka alikuwa akiandika kanuni hiyo hiyo kwa chaki, herufi zimepangika. Verna siku ile alikuwa anachora farasi mwenye uso wa mwalimu.

"Huyu hakuwa upande wetu," alisema, bila kuomba nafasi.

"Kadi yake ilikuwa juu, Verna," alisema Everett. "Niliiona. Nawe uliiona, maana ulimwonyesha kaka yako."

"Aliinua mkono kama mwizi anavyoinua mikono."

"Mwizi huinua akishakamatwa. Wewe hukumkamata."

Watu wakacheka, na safari hii hawakuwa watu wake. Verna akatoka hadi kwenye korido akapiga simu. Kule kwenye banda la Armand hakuna mtandao, hakujawahi kuwa na mtandao, Armand hujisifia hilo. Alipiga kwingine, ikaita mpaka ikachoka. Nyumba ya tatu mke wa mtu akapokea. "Wako kwa Armand wote," alisema kwa furaha. "Hongera, Verna. Wamesema umewanyoosha." Kupanda huko kwa matope yale ilikuwa nusu saa. Kushuka nusu nyingine. Verna akarudi ndani, akakuta kadi zimeshanyanyuliwa na hoja imefunguliwa.

Priscilla alikuwa anaeleza, kwa sauti ya kuwapa watoto nafasi ya kuandika. Mkutano hupanga jumla tu, alisema. Nini kikatwe ndani ya jumla hiyo, bodi ndiyo inayoamua. Na kwa jumla ya asubuhi, kwa masikitiko makubwa, nafasi ya kwanza kukatwa ingekuwa ya mwalimu wa kusoma.

Ukumbi mzima ukamgeukia Corinne Aube. Corinne akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo Verna alipowaka. Tangu asubuhi alikuwa akitania, na mtu anayetania bado ana akiba. Sasa akiba iliisha.

"Bwana Mwenyekiti, dakika zangu tatu."

"Zako."

"Mna naibu. Mna msaidizi wa naibu. Mna zulia la ofisi ya naibu, nimelisoma, ukurasa wa kumi na tisa, zulia. Na mkitakiwa kukata, kisu kinaruka naibu, kinaruka msaidizi, kinaruka zulia, kinatua kwa mwanamke aliyemfundisha mwanangu kusoma ndani ya stoo ya madekio. Miaka mitatu mmemweka stoo. Leo ndiyo mmemtoa, mkamweka mbele kama ngao, na nyuma yake mmejificha ninyi na zulia lenu. Mnajua hakuna atakayerusha jiwe akiwa yeye mbele. Mimi mwenyewe siwezi. Mnajua siwezi. Hiyo si bajeti, Bwana Mwenyekiti, huo ni utekaji nyara."

"Verna."

"Sijamaliza. Baba yangu aliilipia shule hii miaka hamsini, na miaka thelathini ya hiyo hakuwa na mtoto ndani yake. Hakulalamika. Alisimama kila mwaka akauliza inakwenda wapi, akajibiwa. Mimi nauliza inakwenda wapi, naambiwa nawachukia watoto. Ninaye mtoto. Yuko darasa la nne, ananyeshewa."

Nyundo ikalia. Corinne Aube alikuwa amesimama, uso mwekundu mpaka masikioni.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "mimi sikuombwa ruhusa kutajwa." Akaketi.

Kwa nukta moja Verna alidhani mambo yamegeuka. Kisha kadi zikaombwa, na Corinne akainua yake pamoja na walimu wenzake, polepole, bila kumtazama mtu. Verna hakuweza kumchukia. Ukimwambia mtu achague kati ya kazi yake na msitu wa jirani, umeshamchagulia. Themanini na tatu kwa arobaini na moja. Asilimia kumi na nne, nzima, na zulia lake. Saa nane na robo.

Priscilla hakuketi. "Bwana Mwenyekiti, naomba jambo hili lifungwe." Likafungwa. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Nje, kwenye matope ya maegesho, Priscilla alimfuata mpaka kwenye gari. Alikuwa amekunja skafu mkononi.

"Nilikufundisha kanuni ile, Verna."

"Ulinifundisha pia nisidanganye kwenye mtihani."

"Sikudanganya. Nilisoma."

"Ndiyo inayoniuma, Mwalimu. Ungedanganya ningelala."

"Nina watoto sitini na wanne na boila ya kupasha joto ya mwaka niliozaliwa. Nikimkataa naibu, wilaya inatuandika shule isiyo na mpango, na shule zisizo na mpango hufungwa. Wewe una miti."

"Mimi nina mmoja wa hao sitini na wanne, *na* miti. Wewe hukuniambia hayo dukani. Uliniambia uongozi." Verna akafungua mlango. "Yote haya ungeyasema mbele ya watu, asubuhi, wakiwa wamejaa. Ukangoja waende wakachote maji."

Priscilla akaikunjua skafu, akaifunga tena shingoni, fundo limenyooka. Verna akaondoka, na tope la tairi la nyuma likamfikia mwalimu mpaka magotini. Verna hakukusudia, lakini pia hakuomba radhi.

Banda la Armand lilikuwa linatoa mvuke mweupe kwenye paa kama treni iliyokwama. Ndani, wanaume kumi na tano walizunguka karai refu la kuchemshia, mashati yamefunguliwa, mtu anapuliza kinanda cha mdomo, vibaya. Armand alimpa kikombe cha asali ya moto.

"Bingwa huyo," alisema mmoja.

"Wamefungua," alisema Verna. "Wamepitisha yote. Wamefunga."

Kinanda kikanyamaza. Karai likaendelea kutokota, halikuwa na habari.

"Si tulishinda?" alisema Armand.

"Mlishinda. Mkaondoka. Waliobaki wakashinda tena."

"Lakini maji yalikuwa yanatiririka, Verna."

"Nimeona. Nimeyaona kwenye dirisha saa tatu nzima. Na huko kwenye karai nayaona pia, mazuri kweli. Mwakani mtayalipia kodi kwa kijiko."

Mkata magogo mmoja, kijana wa Labrie, akajikuna shingo. "Wewe ndiye uliyetuambia twende."

Kila mtu akatazama sehemu nyingine. Armand alifungua mdomo kumkemea, Verna akamzuia kwa kiganja.

"Mwache. Kasema kweli." Akanywa asali, ikamuunguza ulimi, akaimeza. "Nilikuwa na dakika moja ya kufunga. Armand kaniambia. Nikaona tabu, nikataka kuwapungia mikono mlangoni kama mke wa rais. Basi. Msinionee huruma, na msinione shujaa, na wewe weka hicho kinanda mfukoni kabla sijakitia kwenye karai."

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Armand akabaki, akakoroga, akasema kwa gharama yake kubwa ya maneno kwamba anaweza kumsaidia kulipa.

"Ya kwako utalipa na nini?"

Armand akarudi kukoroga. Karatasi yake ilikuwa nene kuliko ya dada yake.

Alifika nyumbani saa kumi jioni. June alikuwa mezani anasoma, miguu juu ya kiti, midomo inatembea kidogo bado kwenye maneno marefu. Verna alipita bila kumkatiza, akachukua simu na barua ya Bwana Lathrop, akaenda kusimama kwenye dirisha la nyuma. Mirija ya buluu ilikuwa imejaa, ikitetemeka, maji yanashuka kutoka mti hadi mti kuelekea tangi.

"Bwana Lathrop? Verna Pelkey, wa juu yako."

Bwana Lathrop alifurahi sana kumsikia. Verna akataja bei. Ilikuwa juu kuliko ya barua, na aliitaja bila kupepesa, kwa sauti ya Everett akiuza jiko. Bwana akasema anadhani inawezekana. Alikuwa na swali moja dogo tu.

"Kodi ya hapo ikoje? Si kubwa sana?"

"Leo ilishuka," alisema Verna. "Kuanzia saa sita kasoro hadi saa nane na robo. Ungenunua saa saba ungepata nafuu kubwa."

Bwana Lathrop akacheka kwa adabu, cheko la mtu asiyejua kimechekwa nini. Verna akamwacha amalize.

"Na mirija?" aliuliza Bwana Lathrop. "Itaondoka lini?"

"Nitaitoa mwenyewe, maji yakikauka. Si kabla. Ukija wikiendi ijayo ukaiona, geuza kiti."